Maua Niliyoyakunja Ili Nirudi Nyumbani

Nyumba ya Wazee,
Chumba cha 6.
Jumatano, 9 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu kwanza, zikukute mzima wewe na shemeji na watoto. Goti lako je, limekubali kushuka ngazi au bado unashuka kinyumenyume? Na hiyo baridi yenu imekwisha? Shemeji mwambie nimesikia bado anakoroma, na asijitetee, nawajua wote wawili. Mimi namshukuru Mungu. Nyonga imeunga, presha imeshuka, chakula nakula. Mwili hauna neno. Ni moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Jumapili mwanangu alikuja akanisomea ujumbe wako kwenye simu yake: "Dada, nimeona picha ya maua yako, moyo wangu umetulia, kumbe unafaidi huko." Aliusoma mara mbili, kwa sauti, anatabasamu. Chiriku, hata wewe! Nilidhani wa kunielewa umebaki wewe tu. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi kaa nikueleze hayo maua yametoka wapi, maana picha haikukuambia.

Unakumbuka nilipoteleza bafuni, nikaletwa hapa kwa miezi mitatu tu, mpaka nitembee. Sasa huu ni mwezi wa kumi na moja. Kutembea natembea, fimbo naibeba kwa ajili ya kumtishia paka wa jikoni. Lakini mwanangu alisema, "Mama, mchana kutwa tuko kazini, hatuwezi kukuacha peke yako. Siku wakituandikia kwamba akili na mikono viko sawa, siku hiyo hiyo nakuja na gari." Mkewe alikuwa amesimama pale pale, alisikia. Nikayashika maneno hayo. Nyumba ile aliijenga marehemu mume wangu, na chumba changu mle ndani nakijua hata nikiwa nimefumba macho.

Sasa hapa anayepima akili na mikono ni mwanamke mmoja tunamwita Mwalimu wa Karatasi. Anakuja Jumanne na Alhamisi na boksi la karatasi za rangi, anatufundisha kuzikunja mpaka ziwe maua, ndege, vipepeo. Hakuna mkasi, hakuna gundi, kukunja tu. Ni sanaa ya Wajapani, inaitwa origami. Safari hii akasema tutatengeneza bustani ya majira ya kuchipua, ya kupamba ukumbi siku ya wageni. Watu tumekauka kama kuni, tunaambiwa tuchipue! Yupo mwenzangu wa chumba, Bi Redio, alikuwa karani wa stoo na hajanyamaza tangu astaafu. Akamwambia, "Mwalimu, mimi nilishachipua, nikapukutika, sasa nasubiri kufagiwa." Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake.

Hilo daftari ndilo lililoniponza. Ua la kwanza lilikuwa tulipu. Unakunja karatasi ya mraba mpaka iwe pembetatu, unapandisha pembe, unachomeka moja ndani ya mwenzake, chini kunabaki kitundu. Unapuliza pale, ua linatuna, kisha unalimenya kwa juu kama ndizi. Ya wenzangu yakatuna. Langu likagoma. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba, likabaki bapa kama bahasha. La pili hivyo hivyo, la tano hivyo hivyo.

Kosa ni la hii mikono, Chiriku. Miaka thelathini na minne nimekunja shashi za chumba cha upasuaji. Na shashi kingo zake zote lazima ziingie ndani, uzi usije ukabaki kwenye kidonda cha mtu. Tulipokuwa tunajifunza, sista mkuu alikuwa anatuchapa rula kwenye vidole kwa ukingo mmoja tu ulioachwa nje. Sasa vidole vikiona ukingo wa karatasi, vinauingiza ndani vyenyewe, sijavituma. Kitundu kinaziba, ndiyo basi tena. Nilimweleza Mwalimu. Akaniitikia, "Sawa bibi, sawa," kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anayekataa dawa, akaandika. Alipokwenda kunywa chai, Bi Redio akachungulia akanisomea: "Hafuati maelekezo. Anachanganya ya zamani na ya sasa. Apimwe upya." Roho iliniuma. Waliopona kwa shashi zangu hawana idadi, leo naitwa mpungufu wa akili kwa ajili ya ua la karatasi!

Nikapiga moyo konde. Nilimwomba mlinzi wa getini magazeti ya zamani, nikayakata miraba, nikawa nakunja kila siku tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Mikono kuifunza kazi ni rahisi, kuisahaulisha ndiyo taabu. Nilikuwa navigombeza vidole kwa sauti, "Acha hapo! Acha nje!" mpaka mhudumu akadhani namsema yeye, akanuna siku mbili. Bi Redio naye kila mchana anatangaza matokeo kwa chumba kizima kama mpira: "Leo tumefungwa tena, kumi na mbili kwa bila!" Wiki ya tatu likatuna moja. Alipiga kigelegele hadi mkuu wa nyumba akaja mbio, akidhani kuna mtu kaanguka.

Baada ya hapo hakuna aliyenishika. Nilipata tawi kavu walilolipogoa uani, nikalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, nikalifunga maua arobaini na sita, meupe na ya waridi, kila moja na uzi wake. Chini nikapanda tulipu nyekundu zenye mashina ya kijani, juu nikaweka vipepeo wawili. Mwalimu aliizunguka ndoo ile mara mbili. Halafu akaketi karibu yangu, akafuta yale ya mwanzo, akaandika upya na kunigeuzia daftari nisome mwenyewe: "Akili timamu. Mikono thabiti. Anajihudumia." Akaniomba radhi. Ni muungwana, sitaki kumsema vibaya.

Siku ile ile nilipanga nguo kwenye begi nikalifunga zipu. Kandambili zangu mpya nikampa Bi Redio. Alilia, akasema nikifika nyumbani nisimsahau.

Siku ya wageni wakaja, mwanangu na mkewe. Mkuu wa nyumba akaisoma ripoti mbele za watu, wakapiga makofi. Mimi namtazama mwanangu, nangoja aseme, "Haya, begi liko wapi?" Akaja akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka. "Mama, nilikuwa silali. Nilidhani tumekutupa. Kumbe huku ndiko ulikochangamka! Kule nyumbani ungekuwa unatazama ukuta tu." Mkwe wangu akadakia, "Na Mwalimu anataka uwe msaidizi wake, Mama, uwafundishe wenzako!" Mwalimu anachekelea pembeni, anadhani kanitendea wema.

Haki ya Mungu nilifungua mdomo. Lakini mtoto wa miaka hamsini analia kwa furaha hadharani, utaanzia wapi kumwambia kwamba ulikuwa umeshafunga begi? Nikameza. Wakaniambia nishike kipepeo, wakanipiga picha. Ndiyo hiyo uliyotumiwa. Hebu itazame tena, Chiriku, uniambie kama huo ni uso wa mtu anayefaidi.

Nimewaza mpaka nimechoka. Ua likinishinda, nabaki hapa kwa sababu siwezi. Nikiliweza, nabaki kwa sababu naweza. Sasa nifanye nini tena, nife? Najua mnanipenda, sina shaka na hilo, lakini kila mmoja wenu moyo wake unatulia pale pale ninapoumia mimi. Nina uchungu, na safari hii sikufichi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Wewe ni mama yake mdogo, na tangu utotoni anakusikiliza kuliko mimi. Mpigie simu. Usizunguke, usimpambe kwa maneno. Mwambie mama yake anataka kurudi nyumbani. Mimi yamenikwama kooni na sijui kama yatatoka.

Nisalimie shemeji. Binti yako muuguzi mwambie mama yake mkubwa anajivuna naye, na yule mtundu wa mwisho mvute sikio kwa niaba yangu. Bi Redio anakusalimu ingawa hakujui, anasema uandike barua ndefu maana na yeye atasikiliza. Mungu awalinde na kila baya, awape uzee wa kuamkia kwenye vyumba vyenu wenyewe.

Ni mimi dada yako mkubwa,
akupendaye hata leo aliyokukasirikia.

Nyongeza: Nilikuwa bado sijaifunga bahasha. Mwanangu amepita sasa hivi na pikapu na mafundi wawili. Akasema, "Mama, fumba macho, nimekuletea zawadi." Nikafumba. Nilipofumbua walikuwa wanaingiza kitanda changu, kile alichonichongea marehemu mume wangu mwaka tuliooana. Anasema kilikuwa kinakaa bure, na chumba kile sasa mtoto wao anasomea. Wamekiunga, wamekitandika, wamenishika mkono nikakaa. Nimemwambia, "Asante, mwanangu."