Mfuko wa Kijani wa Fimbo ya Biyare

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa sita

Itangazwe kwa wakazi wote wa Uvira, kuanzia Mulongwe mpaka bandari ya Kalundu, walio macho na waliolala: fundi Wilondja, mshona nguo, mwenye cherehani mbili na kitambi kimoja, leo kwenye meza ya biyare ameingiza shimoni mpira mweusi, ule wa mwisho, kwa kukusudia. Mashahidi wapo. Rafiki yangu Shabani alikuwa na Fanta mkononi, akasahau kuinywa.

Michezo iliyofuata yote amenifunga yeye. Hilo halitangazwi.

Jumatano, tarehe 10

Nimefanya mazoezi kwenye meza ya kukatia vitambaa. Sina mipira, nina malimau. Shabani anasema ugonjwa wangu ni kiwiko: nikitaka kupiga kinaruka kama bawa la kuku. Basi nimekifunga kwa utepe wa kupimia. Limau la tatu limeenda moja kwa moja. Furaha ya ajabu kwa mtu wa umri wangu.

Mke wangu, Mama Neema, amekusanya malimau yake bila kunitazama. "Haya ni ya kukamulia samaki wetu wa ndagala, baba. Si ya wazee kuchezea."

Asubuhi kulisikika milio ya bunduki upande wa uwanda wa Ruzizi. Mbali. Nimekosa limau moja.

Ijumaa, tarehe 12

Nimeshona mfuko wa fimbo yangu. Kitambaa ni mabaki ya sare za kwaya, kijani kizito. Mshono mara mbili, kifuniko chenye vifungo, mkanda wa begani. Kazi safi. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja, begani nimeuvaa. Mchezaji kabisa.

Kwenye biyare yetu hatusemi kushinda, tunasema kuua. Kwa hiyo nimemtumia Shabani ujumbe wa sauti: "Shabani, kesho ni mwisho wako. Nakuja na fimbo mpya, nakuua mbele ya watu. Mweusi namumaliza wa mwisho." Nimeusikiliza mara mbili, nikacheka peke yangu.

Jumamosi, tarehe 13

Hakuna mchezo. Risasi zimekaribia. Nganda tunamochezea na kunywa imefungwa, meza imefunikwa turubai. Bariyeri mpya imewekwa kwenye barabara ya kwenda Kalundu, ya watu wenye bunduki. Tumelala chini, mimi na Mama Neema, mchana kweupe. Nilitaka kusema neno la kuchekesha. Halikuja.

Jumatatu, tarehe 15

Mji kimya. Mteja amekuja kuchukua suruali, akaniambia pale bariyeri wanapekua simu. Wanatazama picha. Wanasikiliza sauti. Jirani yake wamemshikilia kutwa nzima kwa sababu ya picha moja tu.

Nilimrudishia chenji, nikakaa. Ndipo nikakumbuka. Nakuua mbele ya watu.

Nimefuta ujumbe. Umefutika kwangu tu. Kwa Shabani upo. Na Shabani anauza chumvi na sabuni Kalundu, anapita bariyeri ile kwenda na kurudi. Nimepiga simu. Rezo hakuna, mtandao wote umekatika.

Ningeweza kwenda nyumbani kwake nikamwambie. Njia ni hiyohiyo ya bariyeri. Sikwenda. Naogopa.

Jumanne, tarehe 16

Bado hakuna rezo. Nimeshona suruali ya mtu, miguu yote miwili ya kushoto. Nimeifumua. Kila pikipiki ikipunguza mwendo hapa nje, nasimamisha cherehani.

Alhamisi, tarehe 18

Mke wa Shabani amekuja, ametokea bariyeri. Amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Shabani hakurudi jana. Wamemkuta na sauti yangu.

Wanamuuliza huyu Fundi aliyeandikwa kwenye simu ni nani, anakaa wapi. Wanamuuliza fimbo ni nini katika lugha yetu ya siri. Na huyu mweusi atakayemalizwa wa mwisho, ni mkubwa gani? Shabani anajibu ni biyare. Hawaamini. Nyumba yangu amekataa kuitaja. Wamemvua viatu.

"Kesho wanamupeleka," amesema. Wapi, hajui. Akanitazama. "Yeye hakukutaja, fundi." Halafu akaondoka.

Mama Neema ametoa fimbo nyuma ya kabati, akaiweka juu ya meza, wazi, bila mfuko. Akaenda kupika.

Ijumaa, tarehe 19

Shabani ametoka. Niko nyumbani. Mkono hauandiki.

Jumapili, tarehe 21

Kanisani wamenishukuru mbele ya watu. Habari imezunguka: fundi alitembea peke yake mpaka bariyeri, akasema kwa sauti kubwa kwamba ni mchezaji, akaweka limau chini, akalipiga likaingia kwenye shimo, na askari wakapiga makofi.

Sikubisha. Baada ya ibada, mzee mmoja aliponiuliza, nikaongeza limau la pili.

Jumanne, tarehe 23

Leo naandika ilivyokuwa Ijumaa pale bariyeri. Hakuna wa kunisikiliza hapa.

Fimbo Mama Neema alinipa ikiwa wazi. Mimi nikaivalisha mfuko, maana vumbi. Naandika tena ili niamini mwenyewe: maana vumbi. Nikaning'iniza begani kitu kirefu cha kijani, nikaelekea kwa watu wanaomtafuta muuaji.

Kona ya kwanza niligeuka kurudi. Mama Neema alikuwa nyuma yangu. Sikujua kama ananifuata. Alisimama tu katikati ya njia. Nikageuka tena.

Waliponiona nilisikia bunduki zinakokiwa. Nikalala chini kabla hawajaniamuru. Nilijikojolea. Hilo halimo kwenye hadithi ya kanisani.

Wakafungua mfuko, wakatoa fimbo. Mkubwa wao aliishika kama mtu aliyeokota nyoka akakuta ni kamba. Akaniuliza, "Ni weye Fundi?"

Mama Neema akajibu kutoka kule aliposimamishwa. "Ni yeye, chef. Anashona nguo. Hii anachezaka biyare na malimau yangu."

"Basi aonyeshe."

Limau lilikuwa mfukoni mwangu. Mazoea. Wakaniwekea ubao juu ya mawe mawili, na kofia ya chuma mwisho wake, imelazwa ubavu. Limau liingie kwenye kofia. Shabani alikuwa amekaa chini pembeni, miguu mitupu, jicho moja limevimba. Hakunitazama.

Nilipiga. Limau likaanguka pembeni mwa ubao. Nikapiga tena. Fimbo ikagonga ubao. Mara ya tatu sikuligusa hata limau lenyewe.

Nilijua sasa tumekwisha, mimi na yeye. Halafu Shabani akashindwa kujizuia.

"Kiwiko, fundi. Miye nimekuambia kiwiko."

Mkubwa akamgeukia. "Na huyu ndiye wa kukuua?"

"Iko ananiahidi tangu mwaka jana, chef."

Mmoja akacheka kwa pua. Wengine wakafuata. Mkubwa hakucheka. Alitazama suruali yangu ilivyolowa, halafu limau lililobaki juu ya ubao. "Mutu wa kupiga hivi hawezi kuua hata nzi," akasema. "Muende."

Kama mazoezi yangu yote yangefaulu siku ile, sijui ingekuwaje. Labda mchezaji mzuri angeonekana mtu wa shabaha.

Tulikuwa tumeanza kuondoka aliponiita. Nikasimama bila kugeuka. Akauliza mfuko nani kashona. Nikasema ni mimi. Akachukua bunduki yake, akaiingiza, akafunga vifungo. Ilienea kabisa, kama niliipima. Akabaki nao.

Jana tulicheza, nganda imefunguliwa mchana. Shabani jicho limepungua. Hakuna aliyesema kuua. Alinifunga akasema, "Nimeshinda," kwa sauti ndogo, kama neno la kigeni. Nikamwambia nilijua tangu Jumatatu ile kwamba pale bariyeri wanasikiliza simu, sikuja kumwonya. Alipaka chaki fimbo yake kwa muda mrefu. "Panga mipira," akasema.

Leo ilibidi nipite bariyeri na kitambaa cha mteja. Fimbo nimeiacha nyumbani. Yule mkubwa alikuwa amesimama kivulini, mfuko wangu begani.

"Fundi," akasema. "Kiwiko."

"Ndiyo, chef."

Nikapita. Lakini macho yangu, macho ya fundi, yalikuwa yameshatazama mkanda pale unapobeba uzito wa bunduki. Mshono haujaachia hata uzi mmoja.