Tumbili Aliyekataa Sahani Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga kidogo, matembele. Sahani sita. Tano zimerudi tupu. Ya tumbili Tatu imerudi kama ilivyokwenda.

Tumbili wastaafu, ndivyo Daktari wetu wa wanyama anavyowaita. Watu wa hapa Sigino wanavunjika mbavu. Wastaafu gani wasio na kiinua mgongo! Lakini kazi walifanya. Miaka yote maabara, kila mmoja kizimba chake, wanatolewa damu ili sisi tupate dawa. Sasa wamehamishiwa hapa kituoni wazeeke kwa amani. Tatu ndiye mkongwe wao. Tulimwita hivyo kwa sababu sanduku lake lilishushwa la tatu. Kifuani ana namba ya wino. Siipendi ile namba.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Kanisani alfajiri, kisha bodaboda mpaka kazini. Mimi nimefunga, na yeye hali.

Nimemwekea sahani, nikakaa kwenye kigoda mbele yake kama siku zote. Kwetu humwekei mgeni chakula ukaondoka. Unakaa naye, unamkaribisha, unamkaribisha tena. Mama yangu alikuwa anakaa mpaka ugali unapoa. Nikamwambia Tatu, "Karibu, bibi. Kula." Akageuza uso, akapitisha mkono kati ya nondo, akafumba macho. Nilidhani anaomba. Nikamwekea ndizi kiganjani. Ikaanguka. Hata kuiangalia hakuiangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari amempima. Anakwisha.

Amesema bila kuzunguka: "Mama Paulo, asipokula mpaka Ijumaa ijayo, nitampumzisha kwa sindano. Siwezi kumwacha afe njaa." Nimemjibu vibaya. Mtu wa heshima zake, na nimemjibu vibaya. Sijaomba radhi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nimempikia uji wa ulezi nyumbani Maisaka, nikaubeba kwenye chupa ya chai. Nimechukua na parachichi, lile zuri.

Nimekaa naye mchana kutwa. Nimemwimbia. Kila nikisogeza kigoda karibu, mkono huo nje, macho yamefumbwa. Hajagusa kitu.

Mwenzangu wa kazi, Baba Rehema, akapita. "Mama Paulo, mnyama haimbiwi kwaya." Nikamwambia akafagie. Mwanaume mvivu kama yeye sijaona. Yeye anasukuma sahani ndani kwa mguu na kwenda kusikiliza mpira.

Jumatatu, 10 Machi
Msiba Singe. Shangazi wa mume wangu. Nitakaa huko mpaka kesho. Nimekata matembele huku nikimuwaza tumbili. Aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudi. Sahani ya Tatu tupu. Naambiwa ya jana pia ilikuwa tupu.

Nimemuuliza Baba Rehema amemfanyaje. "Mimi? Nimeweka, nikaondoka."

Nimeona wivu. Ndiyo, wivu, kwa ajili ya tumbili. Mimi na uji wangu, na nyimbo zangu, halafu anakula cha huyu! Nimekasirika mpaka nimechemsha chai nikasahau majani. Mchana nikampelekea mwenyewe, nikakaa kwenye kigoda changu. Hakula.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemweleza Daktari habari ya ule mkono. Amesema huko maabara walifundishwa hivyo. Mtu akija kusimama mbele ya kizimba, mnyama anatoa mkono, anachomwa, mtu anaondoka. Ndipo wanaletewa chakula.

Nimekwenda stoo nikalia kati ya magunia.

Kumbe kila niliposema karibu bibi, alikuwa anangoja sindano. Mchana kutwa wa Jumapili alikuwa anaingoja. Mimi naimba.

Jioni nimeweka sahani na kuondoka. Sijamkaribisha. Nimeona kama vile namfukuza mgeni. Nimekaa nyuma ya ukuta wa stoo nikiosha ndoo iliyokuwa safi tayari. Niliporudi, viazi hakuna, karanga hakuna. Ndizi amebakiza maganda.

Ijumaa, 14 Machi
Mzani. Hajapungua. Daktari ameandika, amefunga mkoba wake, amesema, "Tumpe muda." Nimemwomba radhi kwa yale ya wiki iliyopita. Anasema hata hakumbuki. Muongo mzuri.

Kigoda nimempa Baba Rehema. Amefurahi. Atakikalia akisikiliza mpira.

Jumatano, 19 Machi
Anakula kila siku. Simwoni akila. Naona sahani tu.

Wenzake watano wanashinda uani kwenye nyasi. Yeye mlango uko wazi, na anaishia kizingitini. Nimemuuliza Daktari tufanyeje. "Tusifanye kitu," amesema. Kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua tangu asubuhi, ikakatika saa nane. Tope kila mahali.

Nilikuwa natoka stoo na ndoo ya matembele, nikamwona Tatu nje. Amekaa kwenye nyasi zilizolowa, amenipa mgongo. Mwenzake mmoja anamchambua manyoya shingoni. Nilitaka kwenda kumwambia karibu, bibi, karibu sana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikaufunga. Nikazunguka na ndoo yangu njia ya nyuma, ile yenye tope, asinione.