Boneti Namba 31

Burra, Australia Kusini
Jumapili, 6 Machi 1988

Kaka yangu Lyall,

Hujambo huko Perth? Wifi yangu hajambo? Na wale mabinti zenu, au siku hizi niwaite akina mama? Huku kwetu sote tu wazima. Joto limeanza kupungua, ila nzi bado hawajapata habari. Baba anatembea kwa fimbo moja badala ya mbili, anakula vizuri, na kulalamika analalamika vizuri zaidi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Najua ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha utanuna, na neno nitakaloandika sasa hivi hulipendi kabisa. Nakuomba usiichane barua. Vuta kiti, mwambie wifi akuwekee chai, usome mpaka chini. Lyall, nimeipata boneti! Boneti yenyewe, ya gari ya Baba, ile Penhallow namba 31! Naandika mbio kama kuku anayeparua, na kuku wenyewe wamo humu, utawaona.

Jumanne nilikwenda upande wa Eudunda kwa mjane mmoja, Bibi Hulda Pfitzner, kununua mayai. Nilimkuta bandani, akaniita nimfuate huko huko. Akaanza kujisifu, eti wilaya nzima hakuna kuku wanaotaga kiangazi kama wake, na siri yake ni mlango wa banda, maana una matundu ya hewa. Marehemu mume wake aliupata kwenye mnada wa shamba fulani mwaka ule vita ilipokwisha. Mimi naitikia ndiyo, ndiyo, adabu tu. Kisha nikautazama huo mlango. Jamani! Ile ilikuwa mipasuo ya mashine, imepangwa sawasawa, yote imeelekea upande mmoja. Nikahesabu. Ishirini na mbili kulia. Nikahesabu upande wa pili. Ishirini na mbili. Na katikati bawaba ndefu, kutoka juu hadi chini. Mume wa Bibi Hulda alikuwa ameikunjua boneti nzima ikawa bapa, akaisimamisha wima, akaipigilia misumari.

Unakumbuka Baba alivyoikusanya ile gari kipande kwa kipande. Aliikuta mwaka 1951 imesimama malishoni, imekatwa nyuma ikawa lori la kubebea kondoo. Milango aliipata shamba jingine, injini akaikuta inaendesha mashine za kunyolea manyoya, madigadi moja walikuwa wanalitumia kunyweshea mbwa maji. Kila kitu alichokileta nyumbani alikigeuza kwanza kutafuta ile 31 iliyogongwa karakanani kwenye kila kipande chake. Bila namba, hakitaki, hata kiwe kizuri namna gani. Mama alikuwa akisema angekuwa na namba mgongoni angependwa zaidi. Vyote vikapatikana ila boneti, miaka na miaka.

Basi hapo bandani nikapiga magoti kwenye mavi ya kuku, na gauni langu la kutokea. Boneti ni ya alumini, kutu haikuigusa, lakini chokaa ya kuku ilikuwa imeganda juu yake kama saruji. Nikakwangua ukingo wa bawaba kwa ufunguo wa gari. Nikatema mate, nikasugua kwa gauni. Bibi Hulda akaniuliza kama ninaumwa, akasema anaweza kuniletea maji. Ikaanza kutokea 1. Nikasugua tena, ikatokea 3, na ile 3, Lyall, haina mkia! Imekatika chini, kama kikombe kilichovunjika mkono. Nilipiga ukelele kuku wote wakatoka nje.

Hadithi ya mkia huo Baba katusimulia mara mia, na kila mara kaongeza chumvi. Ndiye aliyekiangusha kile chuma cha kugongea 3 kwenye sakafu pale karakana ya Duggan, Adelaide, wiki yake ya kwanza kazini, kikameguka mkia. Msimamizi alimtukana mpaka Baba akalia, halafu akakataa kununua kingine, akasema kitumike hivyo hivyo ili kila akikiona akumbuke. Na Penhallow hii namba 31 ndiyo gari ya kwanza ambayo Baba aliitia milango kwa mkono wake.

Sasa Bibi Hulda akakataa kunipa. Nilimbembeleza, nikamwahidi mlango wa mbao, mlango wa bati, mlango wowote autakao, nitauleta kesho. Akaniambia mbweha hajui kesho, anajua leo jioni. Nikamwambia nitalala mimi bandani. Akasema na kuku wake hawajanizoea. Ikabidi nitazame nilichonacho, na nilichonacho ni pikapu. Nikachukua spana, nikafungua mlango wa nyuma wa pikapu yangu, nikaufunga kwenye banda kwa mikono yangu mwenyewe. Bibi Hulda akaufungua, akaufunga, akanuna kidogo kwa sababu hauna matundu, lakini akakubali, akaniongezea keki yake ya chenga za sukari. Nimefika karibu na Burra askari ananisimamisha, ananiuliza namba ya gari iko wapi. Nikamwambia iko Eudunda, kwenye banda la kuku. Alinitazama, akaitazama boneti, akaniambia nenda zako, mama, kabla sijabadilisha mawazo.

Baba alikuwa gerejini, ameketi kwenye lile kopo lake la rangi. Daktari amesema macho yake hayatafika mbali. Kabla ya baridi kwisha ataona mwanga tu, sura za watu hataziona. Kwa hiyo sikumwambia kitu. Niliiweka boneti mezani mbele yake, nikamshika kidole gumba nikakipeleka kwenye ukingo wa bawaba. Alipapasa mara moja. Akarudia. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Mama atutoke, akasema, “Mshenzi wewe, kumbe ulikuwa hapa Eudunda tu!” Anaitukana boneti, machozi yanamtoka. Akaniamuru nifungue haraka ile boneti nyingine iliyokuwa kwenye gari, anataka kuiona hii mahali pake angali anaona.

Na hapo, kaka, ndipo penye jambo lililonifanya nikuandikie. Nimelizungukazunguka ukurasa mzima kwa mayai na askari kwa sababu ni mwoga. Ile boneti nyingine, ile iliyotutenganisha, uliyosema ni ya uongo, ulisema kweli. Na wala sikuuziwa na tapeli. Niliigonga namba mimi.

Baada ya mazishi ya Mama unajua Baba alivyokuwa. Alikaa dirishani miezi minane, gereji haigusi, maneno matatu kwa siku. Mimi nilikuwa naye peke yangu, nikaona anatupotea. Nilipata boneti ya Penhallow kwenye gulio la spea kuukuu, aina ile ile, mipasuo ile ile, lakini namba yake ilikuwa ya gari nyingine. Niliipiga msasa mpaka ikafutika. Nikanunua vyuma vipya vya kugongea namba, nikajifunza juu ya mabati mabovu wiki nzima, vidole vikavimba, kisha nikagonga 31. Safi, imenyooka. Na 3 yangu, mjinga mimi, ilikuwa na mkia wake kamili! Mtoto wa Baba nimekua na hadithi ile, na mkono ukasahau. Nilipogundua nilikuwa nimekwisha kumkabidhi, naye alikuwa amekwisha kusimama kutoka kwenye kile kiti cha dirishani. Nikajiambia macho yake mabovu, hataona. Nikanyamaza.

Ukaja wewe Krismasi. Ukapitisha kidole, na mezani mbele ya wote ukasema hii siyo, 3 yake ina mkia, Nerida amedanganywa au anadanganya. Baba akapiga meza mpaka bakuli la mchuzi likaruka, akakwambia kama umekuja kumwita dada yako mwongo, mlango unaujua. Uliniangalia, Lyall. Uliningojea niseme. Nami nikaanza kuondoa sahani. Wifi akachukua watoto, mkaondoka na mguu wa kondoo haujakatwa hata nusu. Miaka sita imepita na kila Krismasi naondoa zile sahani upya. Nisamehe, kaka yangu. Wewe ulisema kweli, mimi nikakuacha ufukuzwe.

Sasa sikia yaliyotokea Jumanne. Nilikuwa nimekwisha kuamua kumwambia Baba kila kitu, spana mkononi. Nilipoinyanyua ile boneti yangu, nikaona kwenye upande wa ndani, chini ya ule utepe wa sufi unaokaa juu ya rejeta, maandishi ya penseli ya seremala. Mwandiko wa Baba, herufi kubwa kama anavyoandika kwenye mbao. Yalisema: SI YENYEWE. KAIGONGA NERIDA. ISIGUSWE. Na tarehe chini yake, Novemba 1981. Novemba, Lyall! Mwezi mzima kabla hujaja!

Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Baba akaniacha nilie, halafu akasema alijua siku ile ile, kidole kilipogusa tu; yeye aliyekivunja kile chuma angekosaje kujua? Akasema alifikiria binti yake, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, amekaa mahali akijigonga vidole kwa ajili yake, akaona aibu kuendelea kukaa dirishani. Ndipo akaamka. Lakini wewe uliposema mbele ya watu, ilibidi mmoja wetu aaibike pale mezani, naye akachagua vibaya. Maneno yake ndiyo haya, ameniambia niyaandike kama alivyoyasema: “Nilimtupia lawama aliyesema kweli, nikidhani mwenye haki haumii.” Nikamuuliza mbona hakukuandikia miaka yote hii. Akanionyesha kwenye droo ya skrubu. Zimo karatasi kumi na moja, Lyall. Kila moja ina neno “Mwanangu,” na mkato, basi.

Kwa hiyo naandika mimi, mwongo wa nyumba, kwa niaba ya mkaidi wa nyumba. Boneti yako ya kweli imekaa mahali pake, imeingia bila kupigwa hata nyundo moja. Jana tuliiwasha injini, ikanguruma kwa upole mpaka Baba akavua kofia. Ile yangu nilitaka kuitupa, akakataa, ameitundika ukutani. Anasema Bibi Hulda akihitaji mlango wa pili tunao. Siku ya Pasaka anataka gari itoke, aketi nyuma, aione barabara ya Burra kutoka ndani yake. Mimi amenikataza usukani, anadai naendesha kama ninayefukuza mbuzi.

Njoo kwa treni mpaka Port Pirie, nitakuja kukupokea. Usishangae ukiona pikapu yangu iko wazi nyuma.

Kuna jambo moja tu limebaki. Ile Krismasi ulikuwa na kitasa cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, mfukoni mwako. Ulikuwa ukipeleke kikapakwe nikeli. Uliondoka nacho. Nilimwambia Baba nikuombe ukitie kwenye posta, akanikemea, akasema mlango ule ni wa upande ulioketi tangu gari ikiwa chesisi tupu na makasha ya tufaha ya kukalia, na kitasa hicho hakipokei kwa mkono wa tarishi. Basi gari imekamilika, kaka, ina milango minne na vitasa vitatu. Mlango wako hatujaugusa. Haufunguki mpaka uje.

Nisalimie wifi, umwambie bakuli la mchuzi ni lile lile na halikupasuka. Wabusu mabinti. Baba yuko hapa pembeni anajifanya hasomi ninachoandika.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona aibu na ninayefurahi,
Nerida

Baba ameninyang'anya kalamu:

Mwanangu, njoo.