Hukukosea Jina, Baba

Baba,

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Nyumbani hatukusemezana kwa lugha hii hata siku moja, mimi na wewe ilikuwa ni Ekegusii tangu kuamka hadi kulala. Lakini wiki hii nimeambiwa mara nyingi mno kwamba Kiswahili hukukijua, na nimechoka kuambiwa. Mtu wa mbali akiiona barua hii atadhani namwandikia mwanamume. Na adhani. Kwetu Ukisii mama mzazi ndiye baba, na yule ambaye wengine humwita baba ni tata. Tata mimi sikuwahi kuwa naye.

Neno hilo dogo la baba lilikaribia kunikosesha masomo.

Chuo kimenichukua, Baba, kwa ile kozi ya maabara uliyokuwa ukiiombea kila Sabato. Barua ilifika wiki tatu baada ya kukuzika. Niliisoma jikoni peke yangu, nikaisoma tena kwa sauti, kisha nikashikwa na hasira kwamba hukungoja wiki tatu tu. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyohisi.

Jumatatu nikashuka Kisii kujisajili masomo ya muhula. Siku hizi ni kompyuta. Unajaza habari zako na za wazazi, ndipo ukurasa wa masomo unafunguka uchague. Wangu ulikataa kufunguka. Mwanamke wa ofisi ya usajili akakichukua cheti changu cha kuzaliwa, akakitazama, akacheka. Jina la mama: Rebeka Kemunto. Jina la baba: Rebeka Kemunto. Akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Kuja uone, huyu baba yake ni mama yake." Wote wawili ni Wakisii, Baba, wanajua vizuri walichokuwa wakicheka. Alipomaliza akaniambia nilete hati ya kiapo kwa wakili, ya kusema kwamba jina la pili liliingia kimakosa. Mwisho ni Ijumaa saa kumi. Nisipoileta, nafasi yangu inapewa mtu mwingine.

Mzaha wenyewe unaujua. Mjomba ameusimulia kila Krismasi tangu nipate akili. Eti ulikwenda kwa chifu pale Nyaramba kuniandikisha, ukamkuta karani wa kutoka nje ya Ukisii, akakuuliza, "Jina la baba?" nawe kwa kusikia Ekegusii ukajitaja mwenyewe. "Kiswahili ilimpiga chenga huyu dada yangu." Hata kwenye mazishi yako aliusimulia, kwa kipaza sauti, jeneza likiwa bado halijashushwa, na waumini wakacheka. Na ni yeye huyo huyo aliyekuchagulia kaburi kule chini kabisa karibu na ua, eti binti asiyeolewa hazikwi katikati ya boma la babake. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alipousimulia ule mzaha siku ile, na mimi nilicheka.

Jumanne nilikuwa nikichuma chai na mama mdogo Moraa, mistari yako ya juu, ambayo sasa tunaichuma pamoja. Nikamwomba anisindikize kwa wakili. Nilipomweleza sababu, akaacha kuchuma. Nilikuwa sijui kwamba siku ile kwa chifu naye alikuwepo. Alikuwa bado shule ya msingi, amenishikia mwavuli nikiwa mgongoni mwako. Anasema karani aliuliza jina la mama, ukasema Kemunto. Akauliza jina la baba, ukasema Kemunto. Karani wala hakucheka. Alikueleza kwa heshima, "Hapana mama, baba ni yule mzee wako." Nawe ukamjibu kwa Kiswahili, "Najua. Andika hilo hilo."

Akaandika. Mkiwa njiani kurudi ukamnunulia mama mdogo mandazi na kumwomba asiseme kitu nyumbani, kwa sababu siku zile babu alikuwa bado akituma wazee Keroka kumbembeleza yule mwanamume aliyekupa mimba yangu akuoe, naye alikuwa akiwaambia hakujui. Yule karani akaja akaisimulia vibaya, ama waliomsikia ndio walioigeuza, sijui. Ilipofika nyumbani ilikuwa tayari ni kichekesho. Nawe ukaiacha hivyo. Miaka kumi na tisa uliwaacha wakuone mjinga ili wasikugombeze.

Na mimi je, akili yangu ilikuwa wapi? Si wewe uliyeuza ndizi Keroka na kupigania bei na madereva wa malori kutoka kila pembe ya Kenya? Si wewe uliyebishana na yule Mhindi wa duka la vitambaa hadi akamwita mkewe atoke nyuma aje asikie? "Hii kitambaa inatoa rangi, usinidanganye, mimi ndio nitaifua." Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika kona ya leso yako. Mtu wa maneno hayo angeshindwaje na neno baba?

Nina hasira nawe pia, nikwambie ukweli. Wengine sawa, lakini mimi ungeniambia.

Alhamisi tukaenda kwa wakili. Karani wake alikuwa ameshachapa: "Mama yangu mzazi, kwa kutofahamu lugha ya Kiswahili, alilitaja jina lake kimakosa." Nikamwambia si kweli. Akasema, "Weka tu sahihi, hiyo ni maneno ya kawaida, kila mtu anaandikanga hivyo." Nikashika kalamu. Sitakuficha, nilitaka kusaini. Nilijiambia umeshakufa, haitakuumiza, na Ijumaa ni kesho. Kisha nikaona pale juu wameandika kwamba naapa, tena jina langu zima, na mkono ukakataa. Nikamwambia aandike upya. Akasema wakili ametoka, turudi asubuhi.

Asubuhi tulimkuta wakili mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, kisha akachapa kwa mkono wake kwamba mama yangu alilitaja jina lake mara mbili kwa hiari na kwa kujua, kwa kuwa alikuwa mzazi wangu wa pekee. Hiyo nikaisaini.

Yule mwanamke wa usajili aliisoma, uso ukabadilika. "Wewe unataka kusoma ama unataka kesi?" Nikamjibu nataka kusoma, na kwamba aliniomba kiapo, na kiapo ndicho hicho. Akaingia nacho ndani kwa mkubwa wake. Alikaa sana. Aliporudi hakunitazama, alibonyeza tu, na ukurasa ukafunguka. Kati ya masomo sita, mawili yalikuwa yamejaa tangu jana yake, kwa hiyo nimesajiliwa manne. Hayo mawili nitayasubiri muhula ujao. Ningesaini Alhamisi ningeyapata yote. Nakwambia si kwa kujisifu, bado yananiuma.

Darasa la kwanza ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitavaa sweta yako ya kijani.

Sasa nikuage, Baba. Tigara buya, ubaki salama hapo karibu na ua walipokuweka. Kesho ni Sabato, na mjomba ameita ukoo mzima chakula cha mchana, eti kunibariki niende chuo. Najua atausimulia ule mzaha, hawezi kujizuia watu wakijaa. Nakuahidi sitamkatiza. Nitamwacha amalize na wacheke washibe. Kisha nitasimama, mama mdogo Moraa akiwa kando yangu, niwasimulie jinsi ilivyokuwa. Nitaisimulia kwa Ekegusii, polepole, ili asipatikane hata mmoja wa kusema hakuelewa.

Mwanao,
Nyaboke