Ibada ya Mshirika Mmoja

Mjukuu wangu Kibet,

Chamgei. Huku Kabianga tuko wazima, ng'ombe amezaa, na mimi, bwana harusi wa mwezi mmoja, bado naamka nikitabasamu. Rael wangu akipika chai huku anaimba, nasahau hata kuvaa viatu! Tangu nyanya yako afariki, miaka yote nilikuwa naimba sala za jioni na hakuna anayeitikia.

Umeuliza kama niliwahi kutaka kuacha seminari, kama unavyotaka wewe sasa. Ndiyo. Nilitumwa kuongoza ibada kanisa moja dogo karibu na Sosiot. Mvua ikanyesha vibaya, akaja mama mzee mmoja tu. Moyoni nilikuwa nimeshafunga sanduku niende nyumbani kabisa.

"Kogo, bibi yangu, leo hakuna ibada," nikamwambia.

"Kwani mimi ni mbuzi?" akanijibu. "Nimepanda mlima na goti hili bovu. Vaa kanzu, kijana!"

Nikavaa. Nikaimba, "Bwana awe nanyi," naye akaitikia peke yake kwa sauti kavu, bila kuruka neno, kana kwamba kanisa limejaa. Nilipohubiri alisinzia. Nilipofika baraka akaamka, akaimba Amina zote tatu.

Jumatatu nilirudi darasani.

Kibet, siwezi kukuamulia. Lakini najua chumba cha seminari kinavyokuwa kimya Jumapili jioni. Nipigie simu saa hiyo, uanze kuimba. Mimi na Rael tutakuitikia.

Babu yako