Pedi za Nyuma, Kabla ya Sikukuu ya Vyuma

Jumatano, 24 Julai 2024

Gari linapiga kelele tena. Kila Baba akikanyaga breki pale kona ya soko – kwiii! – mbwa wote wa mtaa wanainuka. Sasih anaziba masikio, anacheka. Mimi sicheki. Ni mwanangu, na babu yake ndiye anayempeleka shule kila siku.

Nimemwambia Baba tuitazame breki. Akasema ya nini, pedi za nyuma amebadilisha mwezi uliopita tu, hapa hapa uani. Kweli, nilimwona. Mama naye ana lake: gari limenuna! Tumpek Landep iliyopita, sikukuu yetu ya vyuma, lilipewa sadaka ya haraka haraka, huku pikipiki ya jirani imepambwa kama bibi harusi. Jumamosi hii likipata haki yake, litanyamaza. "Lina moyo kuliko wewe," akaniambia. Baba akaafiki. Upesi mno, kwa maoni yangu.

Basi tunasubiri. Baada ya sadaka Baba atawapeleka Mama na Sasih hekalu la Batur, huko mlimani. Miteremko yote ile!

Alhamisi, 25 Julai 2024

Siamini. Mtu atadhani mwandiko huu ni wa Sasih.

Nilitoka kuliosha gari tu, maana halipokei sadaka likiwa na matope. Kwenye rimu ya nyuma kushoto nikakuta unga wa chuma, unang'aa. Baba alikuwa kwa jirani akitazama majogoo. Nikapiga jeki, nikafungua nati, nikatoa tairi.

Pedi zimewekwa kinyume! Zote mbili! Bati la chuma limeelekea diski. Ule upande mweusi, unaopaswa kuishika diski, umegeukia nje, mpya kabisa, haujaguswa. Diski imechimbika mifereji. Chuma kwa chuma mwezi mzima, na mwanangu kiti cha nyuma!

Na ni Baba! Aliyeendesha mabasi ya watalii maisha yake yote, ambaye gari lake halijawahi kuguswa na fundi mwingine. Aliyenifundisha kazi hii hii nikiwa na meno ya utoto, akinigonga paji la uso kwa kidole: "Upande mweusi ubusu diski. Ukisahau yote, hili usisahau."

Nimekaa chini kwenye maji ya sabuni sijui kwa muda gani. Nikarudisha tairi; hadi nipate diski mpya, Sasih atakwenda shule kwa miguu. Jioni nikamuuliza kama mzaha, hivi zile pedi ulibadilisha na nani?

"Na nani tena? Mikono si hii hapa?" Akainyoosha. Haitetemi hata kidogo! Naogopa.

Ijumaa, 26 Julai 2024

Nimenunua diski na pedi mpya. Kulia nimemaliza salama, huko zilikuwa sawa. Niko kushoto, Baba huyo!

"Weee! Kesho gari linapata sadaka, leo unalivua nguo?"

Nikasema diski imekwisha, basi. Hakuuliza imekwishaje. Nilikuwa naibana pistoni, ile inayosukuma pedi, kwa koleo irudi ndani. "Unaiua, unaiua! Ya nyuma haibanwi, inazungushwa, we Luh! Nilikufundisha bure?" Akaninyang'anya, akaizungusha, ikaingia taratibu. Moyo ukatulia. Nikaona haya kwa yote niliyomuwazia jana.

Kisha akaokota pedi. Akaitazama. Akaiweka – bati kwenye diski! Mbele ya macho yangu! Ya pili vile vile. Na uso una furaha. "Unaona? Kazi ndiyo hiyo."

Ningemrekebishaje baba yangu uani kwake, Mama akisuka majani ya sadaka pale pale? Alipokwenda kunawa nikazigeuza.

Jumamosi, 27 Julai 2024 – Tumpek Landep

Gari limefungwa majani ya mnazi puani. Maua kwenye usukani, ubani kila mahali. Baba amelizungusha uani – breki kimya! Mama anaruka: "Nilisema mimi! Lilikuwa limenuna tu!" Jirani anapiga makofi. Baba anatazama gurudumu la nyuma kushoto.

Aliposhuka kupigwa picha nikauchomoa ufunguo. Sasa niko jikoni. Nimewaambia nautafuta. Umo kwenye mshipi wangu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mama anaita, Luh, ufunguo, Batur ni mbali! Sasih anapiga honi.

Siwezi kuutoa: breki ni nzima, dereva sijui. Siwezi kumkatalia Baba mbele ya watu. Ee Mungu wangu.

Baba ameingia sasa hivi. Alisimama mlangoni, akatazama daftari, akatazama mshipi wangu. Kwa sauti ya chini:

"Zile pedi. Ulizigeuza?"

Ndiyo, Baba.

Sijawahi kumwona na uso ule! "Nilizitazama vizuri kabisa, Luh. Nikaona nimezipatia." Kisha: "Mama yako usimwambie leo." Akanyoosha kiganja.

Nimempa. Nimempa!

Namwona dirishani. Mama na Sasih wamekwisha kaa nyuma. Mlango wa dereva uko wazi, lakini yeye amesimama mbele ya gari, penye yale majani, anatazama huku jikoni. Anauinua ufunguo juu. Sijui ananiita niendeshe mimi, au ananiaga –