Ngege wa Masese

Walukuba, Jinja

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Mulembe, Baba. Natumaini kifua kimepoa na unakunywa dawa bila kugombana na dada Nusifa. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo ni mzito. Namwomba dada akusomee barua hii polepole, asiruke neno.

Ameniambia kwamba umeshafunga mzigo. Eti umeaga mpaka msikitini, na wazee wa sokoni Mbale wote wanajua kuwa ngege, wale samaki wako wa zamani, wamerudi Masese nawe unawafuata. Nilicheka, kisha nikalia.

Habari hiyo uliipata kwangu. Unajua siku hizi kazini kwetu hatutegi nyavu ili kujua nani yumo ghubani. Tunachota maji, tunayachuja, na ute na magamba yaliyobaki yanasomwa vinasaba. Kila kiumbe ana msimbo wake, kama ile mistari kwenye pakiti ya sabuni. Wavuvi hutuambia ngege wamejaa tele, lakini ulinifundisha mwenyewe kwamba wanayemwita hivyo ni sato, yule mgeni aliyeletwa ziwani. Jina limebaki, mwenyewe kaondoka. Basi msimbo wa ngege wa asili ulipotokea, sikungoja. Nilikupigia simu hata kabla ya kumwambia bosi wangu.

Bosi akataka tuchote tena. Tulizunguka ghuba nzima, ngege hakuonekana popote. Tuliporudi mwaloni Masese, mitumbwi inaposhushia samaki, pale nilipochota mara ya kwanza, tukamkuta mama mmoja, Docus, akiosha samaki wakavu. Akatueleza kwamba huwatoa kwenye vijiziwa vya mbali ambako sato na sangara hawajafika, naye huwaosha hapo ili wapendeze sokoni. Walikuwa ngege kweli, Baba. Mashine haikudanganya, ila ilisoma wafu. Docus aliomba radhi, maskini, na hana kosa lolote.

Najua uliapa, ulipouza nyavu, kwamba wallahi hutakanyaga Masese mpaka ngege warudi. Mwanamume ni neno lake, ulisema. Hukuja huku nilipoolewa. Hukuja nilipomzika Shamim wangu, na sikukulaumu mbele ya watu.

Leo nakwambia. Nilipouona msimbo ule sikumfikiria samaki hata kidogo. Niliwaza kwamba baba yangu atakuja, nitamshika mkono, nitamwonyesha kaburi la mjukuu wake. Ningeweza kunyamaza mpaka ushuke kwenye basi, na shetani alinishauri hivyo. Nimeshindwa kukuleta kwa uongo.

Ngege hawapo, Baba. Mimi nipo. Kiapo kina kafara yake: kulisha maskini kumi. Nitawapikia mimi, hapa hapa Walukuba. Wewe usifungue mzigo.

Nisalimie dada Nusifa, ambaye najua analia anaposoma hapa, na majirani wote. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mwanao,
Aminah Nambozo